Disko Kwenye Shamba la Wimbi

Chepkoech mjukuu wangu,

Chamgei. Huku Kimulot tuko salama. Mvua imefanya majani ya chai yanone, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Uliniuliza kwa simu kama kweli zamani disko ilikuwa dhambi.

Miaka ya themanini, nikiwa msichana, mzee wa kanisa letu alisema ni dhambi. Sisi vijana tulimpelekea kaseti zetu zote za disko, mimi nikilia njiani. Hakuzichoma. Alivuta tepe zote nje akazifunga kwa vijiti juu ya wimbi, ule ulezi wa shamba la kanisa, zifukuze ndege. Upepo ukivuma zilikuwa zinalia mmm, na ndege wanatoroka.

Asubuhi moja nilienda kuvuna, nikamkuta huko peke yake. Alikuwa amevua kofia, ameinamisha sikio karibu na utepe, na kiatu chake kinagonga udongo polepole. Nilirudi nyuma kabla hajaniona.

Mambo ya dhambi sijui, mama. Ninachojiuliza mpaka leo ni alikuwa anasikia wimbo gani, maana mimi mwenye kaseti nilikuwa nasikia upepo tu.

Ni mimi nyanya yako.