Hidro Si Maji

Mwanangu Wilnord amepata nyumba, Dada Roselaure, ghorofa nzima ya chini hapa Montreal Kaskazini, vyumba vitatu na kibaraza, na mjukuu wangu Dahana amelazwa hospitali kwa sababu ya nyumba hiyohiyo. Sasa ndio nakusalimu, mshauri mpendwa, na msaada naouomba ni mzito, nisomee taratibu maana shule niliiona kwa mbali.

Kwanza umjue Wilnord. Ndiye wa kwanza kuvaa joho katika ukoo wetu, kule Gonaïves hata mchungaji alimwita mhandisi ingawa alisomea hesabu za ofisi, na ndiye aliyenitoa Haiti nije nimlelee mtoto, niambie ni mama wangapi wamepata mtoto wa hivyo. Siku ya kupewa funguo mwenye nyumba, mzee mpole tu, alisema kodi ni hiyo ila hidro ni juu yetu. Njiani nikamuuliza mwanangu hidro ni kitu gani, akanicheka. “Mama, mimi si nimesoma? Hidro ni maji. Kigiriki hicho.” Nikajivuna mpaka tukapitiliza kituo. Basi tukawa watu wa kubana maji, tunaoga kwa kopo, lakini taa na joto tunawasha tunavyotaka tukijua ni vya mwenye nyumba, na bahasha zilipokuja zina jina la mpangaji aliyehama tukaziweka juu ya kabati, barua ya mtu haifunguliwi.

Novemba umeme ukazimika. Ketly, mke wa Wilnord, akacheka akasema, “Kumbe na wao wanakatikiwa kama sisi.” Dada, hakuna aliyeuliza mtu. Kwetu umeme ukienda unaungoja, ukirudi mtaa mzima unashangilia, kwa hiyo tukaungoja, tunalala na makoti, tunawaona wa ghorofani wana taa tunasema hao watakuwa na jenereta. Baridi ikazidi, mtoto akawa na midomo ya zambarau, na asubuhi moja Ketly yuko kazini Wilnord akaingiza lile jiko la mkaa la kuchomea nyama kibarazani, akaliweka chumbani kwa Dahana, akafunga mlango joto lisitoroke. Nikamwambia baba, mkaa ndani? Akasema, “Mama, moshi uko wapi? Umeuona moshi?” Kweli sikuuona, nikanyamaza. Nilipokwenda kumwita mtoto ale, hakuamka.

Yuko hai. Anapumua kwa mashine, akifungua macho anatutazama kama wageni, na daktari hasemi kama atarudi kuwa yule wa kuimba. Nesi mmoja, Mhaiti mwenzetu, akaniuliza mlikuwa mnafanya nini siku zote hizo bila umeme, nikamjibu tulikuwa tunaungoja urudi. Akaweka kalamu chini. “Urudi kutoka wapi, mama? Huku umeme haukatiki wenyewe, unakatwa bili zisipolipwa. Na hidro ndiyo huo umeme, wanauita hivyo kwa sababu unazalishwa kwa maji ya mto.” Kisha akauliza nani aliingiza mkaa. Wilnord akasema mbele yangu, “Ni mama. Ametoka Haiti juzi tu, hajui.” Nami nikaitikia kwa kichwa.

Sasa mwanamke wa ulinzi wa watoto anakuja nyumbani Alhamisi kutuhoji. Wilnord ananiambia, “Wewe ni mzee, watakusamehe, mimi watanichukulia mtoto.” Ketly hapokei hata maji mkononi mwangu, na nyumba bado giza, kwa sababu Wilnord hataki kuwapigia simu watu wa umeme kusema alidhani ni maji. Niendelee kubeba? Ni mwanangu, Dada, na ni mmoja tu.

Adelina, mama Wilnord

Mama Wilnord,

Pole. Nimesoma barua yako mara mbili na chai yangu imepoa. Hongera pia kwa kumsomesha, hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini niache nikukaripie kidogo, maana naona wote wamekuogopa au wamekutumia.

Unadhani unambeba mwanao. Unayembeba ni mkaa, unaurudisha chumbani. Fikiri: wakiamini ni wewe, utapandishwa ndege urudi Haiti, wao watafunga faili, na Dahana atarudishwa chumba kilekile, nyumba isiyo na joto, kwa baba anayeamini kwamba pasipo moshi hapana hatari. Nani atamzuia mara ya pili? Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu, na haijali joho. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kimeshapita mlangoni kikatazama ndani.

Kosa la hidro si aibu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimwambia fundi bomba aje atazame hidro, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Sisi tuliotoka kwetu tunaujua umeme wa kungojea, hatuujui wa kujiandikisha. Aibu ni kumuuza mama ili usichekwe kwenye simu.

Kesho asubuhi wapigie simu watu wa umeme wewe mwenyewe, omba mtu wa Kikrioli, taja anwani na mwezi mliohamia, sema kuna mtoto mgonjwa. Wilnord asipotaka kutoa jina lake, mwambie Ketly atoe lake. Nunueni king'ora kinacholia gesi ya namna hiyo ikiwapo, kiwekwe chumbani kwa mtoto. Jiko lile litoke kabisa.

Kabla ya hapo, nenda hospitali ukae na Ketly. Usimtume Wilnord, atapamba. Mwambie kwa mdomo wako nani aliingiza mkaa na kwamba wewe ulinyamaza. Anaweza kukufukuza. Keti tu. Mwambie na yule nesi, kabla hajaulizwa na wengine.

Siwezi kukuahidi kwamba hawatamchukua mtoto kwa muda. Wanaweza. Lakini baba aliyekosea akasema, wanajua la kumfundisha. Baba aliyemsukumia mama yake kosa, wakimgundua, hawamrudishii mtoto upesi. Msomee Wilnord maneno haya. Akikasirika, aje anikasirikie mimi.

Siku ya mahojiano Wilnord aombe ruhusa kazini. Ketly atoke wodini saa hiyo, shangazi au dada wa kanisani amkalie mtoto. Nesi mwombeni aje kuwatafsiria. Nami nitakuja, nitakaa upande wako. Tukutane wote nyumbani kwenu, Alhamisi.

Roselaure