Nilipopigia laini yetu wenyewe

Clotilde, uko? Usicheke kwanza. Leo mchana nimepigia laini yetu ya simu ya kusikiliza bantu benye shida. Ile ile ninayofanyia kazi.

Tangu bwana yangu Paulin ahamishwe kazi Kasumbalesa, nyumba iko kimya, unajua. Na kwenye formation, yale mafunzo ya Jumamosi, balituambia: weye unayebeba mizigo ya bengine, tafuta wa kukubebea yako. Nikasema sawa, nijaribu.

Gaëlle wa kazini ndiye alishika simu. Nikamuambia sisikii njaa tangu wiki mbili, nikitoka kazini ninakaa kwenye kiti na viatu miguuni mpaka giza. Nililia, Clotilde. Nililia kweli.

Akaniuliza maswali yote, polepole, vile nilimufundisha. Unaishi na nani? Umefikiria kujiumiza? Nikajibu hapana, hiyo haiko. Moyo ukaanza kutulia.

Halafu akacheka. "Mama Delphine, leo umeniweza. Kilio gani hicho! Nimefaulu?"

Alizani ni mtihani. Kila mwezi ni miye ninabapigia kwa kujifanya, leo muke wa mulevi, kesho mujane, kuona kama banajua kazi. Banajua sauti zangu zote.

"Nimefaulu?" ananiuliza. Miye na makamasi mpaka kwenye kidevu.

Nikamuambia, "Dix sur dix, kumi kwa kumi, mutoto yangu." Akafurahi sana. Nikakata.

Weye sijawahi kukupigia kwa kujifanya. Ukisoma hii, usiandike kitu. Piga tu.