Salamu kwa Mama Mdogo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba. Goti lako linasemaje siku hizi? Baba anakunywa dawa zake bila kugombezwa? Mimi nipo, nakula na kutembea, ila nimechoka, Mama, uchovu usioondoka hata nikilala Jumapili nzima.

Kaka ameniandikia kwamba hutaki hata kulisikia jina langu. Ulinipigia simu kunieleza mdogo wako ametutoka, nami nikakujibu kwa sauti ya furaha: vizuri sana Mama, msalimie. Kaka anauliza kama usomi ndio umenitoa utu. Simlaumu, ningekuwa yeye ningetukana zaidi. Mama Mdogo aliyenibeba mgongoni! Niliposoma nililia kama mtoto.

Hebu nikueleze kazi yangu, maana najua unawatambia majirani kwamba natengeneza magari. Mama, hata tairi sijawahi kuligusa. Mimi ni mhandisi wa umeme, na katika kiwanda chote hiki fungu langu ni honi. Honi, na ile tiii inayokukera usipofunga mkanda. Usinicheke. Tunazipima kwenye chumba cha nyuma, kuta zimevikwa sponji. Naiunga honi kwenye umeme, napandisha nguvu, nashusha, naipasha moto, naimwagia maji, nayo inalia tu mpaka ife. Kisha nafunga nyingine. Ujana wangu umeishia humo.

Vifuniko vya masikio tulipewa. Lakini mkuu wetu alikuwa akisema sikio langu linanasa mkwaruzo kabla ya mashine, basi kichwa kikavimba, nikawa navivua ili nisikilize vizuri. Sifa zilinilevya, Mama.

Juzi fundi mwenzangu, tunayemwita Fyuzi kwa hasira zake za karibu, aliwasha honi ya lori nyuma yangu mlango ukiwa wazi. Watu wote wakaziba masikio. Mimi nikaendelea kukoroga chai. Fyuzi akazunguka, akasimama mbele yangu, akanitazama bila hasira yoyote. Akachukua kalamu akaniandikia kwenye kiganja chake: tangu lini?

Mama, sisikii. Sikio la kushoto lilikwenda zamani, la kulia limelifuata mwaka huu, na daktari amesema hayarudi. Niliona haya kukwambia kwamba mtoto uliyemsomesha kwa shida hawezi tena kukusikia. Kwenye simu nilikuwa nikipata mvumo tu. Nilijua ni wewe kwa kuwa jina lako limeandikwa kwenye kioo. Nilikuwa nikingoja mvumo utulie, niseme vizuri Mama, msalimie, nipo. Miezi yote hii nimekuwa nikibahatisha, na mara nyingi nilipatia. Siku ile sikujua hata kama ulikuwa unalia.

Nakuja mwisho wa mwezi. Nimeanza kujifunza kuyasoma maneno kwenye midomo ya watu, nayapata kidogo kidogo mtu akisema polepole. Nigombeze utakavyo, nitakaa nikutazame. Ila usinigeuzie mgongo, Mama, hata kwa hasira, maana sitaambulia kitu.

Mpe Baba shikamoo yangu. Kaka mwambie sina kinyongo naye.

Mimi mwanao,
Kitindamimba wako