Utepe Mwekundu Kwenye Kikombe Changu

Shoga, kikombe changu kimebandikwa utepe mwekundu.

Ule ule tunaobandika pale maabara kwenye chupa zenye virusi vya homa ya ini. Leo saa nne naenda kunywa chai, vikombe vya wenzangu viko kwenye sinia, changu kiko peke yake dirishani. Kikombe changu!

Nikamuuliza mama wa chai. Akainama. "Mwanangu, usinichukie. Utepe kanipa Miwani."

Miwani! Yule mtaalamu niliyekuambia hana maringo. Mwezi jana nikiosha chupa alinieleza kazi yao. Wanachukua vipande vya kingamwili, yaani askari wa mwili, wanatafuta njia ya kuviingiza ndani ya seli za ini ili virusi vishindwe kuzaliana. Moyo ukalainika, nikamnong'oneza kwamba hivyo virusi ninavyo. Akasema, "Usijali, dada. Kikombe hakiambukizi."

Kikombe hakiambukizi. Maneno yake mwenyewe!

Nikamfuata na kikombe mkononi. "Si wewe uliyesema?"

Akafuta miwani yake weee, mwisho akasema, "Najua. Ni kwa ajili ya wenzangu tu, wapate amani."

Kumbe kawaambia wote.

Nimejifungia stoo ya mafagio, nakuandikia. Mimi na wewe tunakunywa kikombe kimoja tangu darasa la nne, na bado nilimwambia yeye kwanza. Niliogopa wewe ndiye utakayenitengea kikombe.