Nafasi ya Binti wa Mwavuli

Jumamosi, 4 Machi

Wametangaza! Sanamu ya Binti wa Mwavuli inatoka! Baada ya kupigwa danadana miaka yote hii — leo picha, kesho kimya — hatimaye. Nilikuwa kazini, nasugua jino la bandia la mtu nisiyemjua, simu ikatetemeka mezani. Nikaliacha jino. Plasta, jirani yangu wa meza, akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia mchumba angesubiri.

Halafu nikasoma maandishi madogo ya chini. Toleo maalumu. Haliingii madukani. Ni la wanachama wa klabu ya watengenezaji tu, tena kwa bahati nasibu: unaomba, unasubiri, wanachagua. Ndivyo walivyo hawa watu. Wakikupa raha lazima waifunge na mwiba.

Rafu yetu ina kikosi kizima cha Walinzi wa Mvua, mashujaa wa ile katuni, isipokuwa yeye. Mwisho kulia pana pengo. Chiriku aliliacha tangu anasoma. Alisema hapo pasiwekwe kitu, hata kitana, mwenyewe atakuja. Chiriku ni mdogo wangu, jina nilimpa mimi kwa sababu hanyamazi. Ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu wa anime, katuni za Kijapani, na sanamu zake. Mimi nilidhani katuni ni za watoto. Mama bado anadhani hivyo, kwake zote ni "midoli yenu".

Kati ya wote Chiriku anampenda Binti wa Mwavuli. Kwenye mapambano hana faida yoyote. Anaongea tu, na mwavuli wenyewe umechanika.

Chiriku amerudishwa wodini juzi. Saratani ile ile ya damu. Sijamwambia habari hizi. Nataka nimwekee Binti mkononi, nimwone uso.

Jumanne, 7 Machi

Nimeomba! Nimejaza wakati wa chakula cha mchana, vidole bado vina unga wa plasta. Jina, namba ya uanachama, anwani ya nyumbani. Kanuni zao ndefu kama treni. Nani huzisoma? Nikabonyeza "nimekubali", nikarudi kwenye meno yangu.

Jioni kwa Chiriku. Vidonda vimejaa mdomoni, kuongea shida. Yeye! Muuguzi anasema wodi imepoa kama shule wakati wa likizo. Nikamuuliza Chiriku kijanja kama ameona lolote jipya mtandaoni. Akasema hapana, simu haina hamu naye wala yeye hana hamu nayo. Akageukia ukutani. Nikapumua. Siri yangu salama.

Jumapili, 12 Machi

Daktari alituita koridoni, Mama na mimi. Dawa haijafanya walichotarajia. Ipo nyingine, wataijaribu, ila tujiandae — hakumalizia kwa lipi. Mama akamshukuru. Alimshukuru kabisa, kwa mikono miwili.

Nyumbani alikaa kwenye cherehani bila kushona. Mguu juu ya pedali, kitambaa mapajani. Nilizoea kelele za cherehani hadi nilikuwa sizisikii. Leo nimezisikia zilivyokosekana.

Nimewafuta vumbi Walinzi wote kwa brashi ya kazini. Kisha nikamwomba Mungu ampe Chiriku nafuu. Nilipofika amina nikaongeza: na ile sanamu, tafadhali. Nimeona haya peke yangu chumbani.

Jumatano, 22 Machi

Matokeo yametoka. Neno la kwanza: Hongera! Nilipiga kelele mpaka Plasta akaangusha meno ya juu ya mzee wa watu. Yamevunjika. Nikamwambia nitayatengeneza mimi, nitayatengeneza yote, niache nifurahi!

Halafu sentensi ya pili. Jina langu limechaguliwa, lakini ombi limebatilishwa. Katika anwani yangu yamepatikana maombi mawili. Anwani moja, ombi moja, kanuni ile ile niliyoipita mbio. Maombi ya wote wawili yamefutwa.

Wawili gani? Nyumbani tuko watatu. Mama hajui barua pepe inafunguliwa upande gani.

Nimejua. Sikuhitaji hata kumaliza kujiuliza. Nimekaa na patasi ndogo mkononi na sijachonga kitu mpaka saa ya kufunga.

Alhamisi, 23 Machi

Nilimkuta analia kabla sijaingia. Simu juu ya shuka. Naye alipata Hongera yake, na naye akaisoma mpaka chini.

"Dada, nimeharibu."

"Si ulisema hujaona kitu?"

"Na wewe si ulikuja kunipeleleza? Nilidhani ndiyo kwanza unasikia, hujaomba."

Tulidanganyana siku moja, kitanda kimoja, kila mtu akajiona mjanja. Nikamuuliza alikuwa anaomba ya nini, kwani angemficha wapi, chini ya mto? Akachezea uzi wa blanketi. Akasema ilikuwa yangu. Alitaka nibaki na seti kamili.

Nibaki. Alilisema kama mtu anayekuagiza upitie sokoni. Nikamwambia asinitajie ujinga. Nilimfokea, mgonjwa, mbele ya watu. Mama wa kitanda cha pili akajifanya anatafuta kandambili.

Baadaye tulicheka kidogo. Kwamba tumeshinda wote wawili, sisi tusiowahi kushinda hata sabuni. Kama mmoja wetu angekuwa mvivu tu siku ile! Chiriku alicheka huku ameziba mdomo kwa sababu ya vidonda. Nimekasirika sana na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 2 Aprili

Niliwaandikia klabu. Nikaeleza kila kitu: ni ndugu wawili, mmoja ni mgonjwa, tunaomba sanamu moja tu. Wakajibu kwa adabu kubwa. Wanasikitika, wanatuthamini, kanuni ni kwa faida ya wanachama wote. Nikaandika tena. Jibu lile lile, wamebadilisha tarehe.

Wakati huohuo walanguzi wamejaa tele. Mmoja amejipiga picha na maboksi ya Binti yamefika kidevuni. Hao wana anwani ngapi? Mwingine anamuuza kwa jina la "msichana na mwavuli". Hata jina hamjui! Bei zao ni za kichaa, sitaziandika hapa.

Yupo mmoja mwenye bei ya kibinadamu. Picha moja tu, ina giza. Plasta kaitazama, akasema anayeuza kitu kizuri huwasha taa. Nikamwambia yeye ashughulike na taya zake za plasta. Nimeagiza.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimepigwa.

Nilijua tangu nafungua boksi, kwa harufu ya rangi. Mimi nashinda na rangi za meno kutwa, naijua rangi iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Rangi ya nywele imevuka hadi shingoni. Na macho! Moja linatazama mvua, jingine linatafuta basi. Feki kutoka unyayoni hadi utosini. Nililia chooni kazini, nikanawa, nikatoka nikasema ni vumbi. Plasta hakusema "nilikwambia". Hilo namshukuru.

Nilitaka kumtupa. Nikafika hospitali bado niko naye mfukoni, nikaona sina la kupoteza, nikamweka kifuani kwa Chiriku bila maelezo.

Alimtazama. Akamgeuza, akamnusa, akamwangalia chini ya viatu. Kisha akaanza kutikisika. Nikaogopa, nikamwita muuguzi — kumbe kicheko! Kile cha zamani, cha kukosa pumzi.

"Dada, umepigwa mchana kweupe!"

Akampa jina hapohapo. Bi Makengeza. Nikasema nipe, nina brashi ya unywele mmoja, jicho hilo narekebisha kesho, hutajua. Akamficha chini ya shuka.

"Usimguse. Huyu anatuona wote wawili kwa mpigo."

Muuguzi akakaribishwa kumwona. Akasema mbona mzuri tu. Chiriku akamwambia, dada yangu wee, unahitaji miwani. Aliongea jioni nzima, vidonda na vyote. Akampiga picha, akamtundika kwa majivuno kwenye ukurasa wake wa klabu mtandaoni, na watu tusiowajua wakaanza kumwamkia: shikamoo Bi Makengeza.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nina furaha na ninaumia, vyote pamoja.

Jumatatu, 24 Aprili

Dawa ya pili wameisimamisha. Haongei sasa. Anafumbua macho, anafumba.

Leo Mama alimfuta Bi Makengeza kwa ncha ya khanga yake, taratibu, hadi kwenye mikunjo ya mwavuli. Akaniuliza, huyu mwenzenu anaitwa nani. Miaka yote hakuwahi kuuliza jina la hata mmoja. Nikamtajia. Akasema, Bi Makengeza, tusaidie kumwangalia.

Jumamosi, 6 Mei

Chiriku amefariki. Jana asubuhi. Mama alikuwa anampaka mafuta miguuni.

Siwezi.

Jumapili, 21 Mei

Watu wameondoka. Viti vya kuazima vimerudishwa kwa wenyewe.

Juzi ndiyo nilifungua mfuko wa hospitali. Kandambili. Chaja. Shuka lake la maua. Bi Makengeza, ncha ya mwavuli imekatika. Nilimpeleka kazini mfukoni, nikamtengenezea ncha mpya kwa nta, nikamimina plastiki tunayotengenezea fizi za bandia kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mezani. Ana mwavuli wenye ncha ya rangi ya fizi. Chiriku angekufa kwa — tazama nilivyoandika. Angecheka.

Jicho sijaligusa.

Sikumweka kwenye pengo. Pale ni pa mwenyewe, alisema. Mama akamchukua, akamsimamisha juu ya cherehani, karibu na uzi. Leo ameshona kidogo. Mshono mmoja, akaacha.

Namkumbuka Chiriku mpaka meno yananiuma. Na mimi ndiye fundi wa meno.

Alhamisi, 15 Juni

Klabu wametangaza toleo la pili la Binti wa Mwavuli. La mwisho, hawatatengeneza tena. Na waliobatilishwa mara ya kwanza wanapewa nafasi bila bahati nasibu, "kwa kuzingatia uchungu wao". Uchungu wetu! Wanaujua wao?

Nilitaka kuirusha simu ukutani. Halafu rafuni kukawaka mwanga. Simu ya Chiriku. Mama huichaji kila asubuhi, hatujawahi kulizungumza. Barua ile ile ilikuwa imemfikia na yeye. "Mpendwa mwanachama, habari njema."

Simtaki tena huyo Binti. Namtaka. Kila nikiingia chumbani jicho linakwenda mwisho kulia, kwenye pengo. Chiriku alitaka nibaki na seti kamili. Nimebaki. Seti haijakamilika.

Jumapili, 18 Juni

Mwisho ni leo, saa sita mchana. Nimeamka nikiwa nimeamua kuomba. Safari hii nimesoma kanuni zote, neno kwa neno, kitandani, kana kwamba nitatahiniwa.

Nimejaza jina. Namba. Anwani. Ukurasa wa mwisho kuna swali, nadhani wameliweka kwa ajili ya watu kama sisi:

"Je, kuna mwanachama mwingine anayeishi katika anwani hii?"

Ndiyo. Hapana. Hakuna la tatu.

Ukijibu Ndiyo, ombi halipokelewi. Ukijibu Hapana, akaunti nyingine yoyote ya anwani hii inafutwa moja kwa moja, pamoja na vyote vilivyomo. Nimeandika kuomba ufafanuzi. Imejibu mashine: Jumapili ofisi imefungwa.

Nimeingia kwenye ukurasa wa Chiriku. Mama yangu, huyu mtoto alibwabwaja! Miaka na miaka. Amegombana na watu kuhusu rangi ya soksi ya Mlinzi Mkuu. Amenisema mimi, kwamba nafuta vumbi kama nasafisha meno ya tembo. Picha ya Bi Makengeza ipo, na watu bado wanamwamkia. Leo asubuhi kuna mmoja ameuliza: mbona mwenye Bi Makengeza kimya siku hizi? Sauti yake yote iko humo. Kwingine kote amenyamaza.

Na pengo lile pale.

Mama ameingia, ameona nimekaa na simu kama nimeshika kaa la moto. Akauliza kuna nini. Nikamwambia wale watu wa midoli wanauliza hapa nyumbani wanachama wako wangapi. Sikumwambia zaidi. Akakaa kwenye kitanda cha Chiriku, akalainisha shuka la maua kwa kiganja. Hakufikiri hata kidogo.

"Si wawili? Waambie mko wawili."

Nimesema ndiyo, Mama. Yeye hajui kinachofuata ukijibu hivyo. Bado amekaa, anasubiri nimalize ili tukale. Ukurasa uko wazi. Naandika hapa ili mkono uwe na kazi nyingine ya kufanya. Saa sita bado kidogo, na Mama anasema mbona jambo lenyewe dogo tu, mwanangu, bonyeza —