Ruwa Anasikia Baridi

Jumapili, 1 Juni 2025

Ruwa,

Leo kanisani pamechafuka. Yule kijana wa chuo cha Biblia, Brandon, aliyetumwa kwetu hapa Chaani kwa mazoezi, alipewa somo la watu wazima. Akasema moto wa jehanamu huenda ukawa mfano tu. Picha. Hakuna tanuri mahali fulani lenye watu ndani.

Minong'ono. Kisha wote kwa pamoja! Mzee Kitsao akauliza kama na mbingu nayo ni picha. Roseline wa kwaya akasimama: "Ati mfano! Miaka yote hii nimeacha disko, nimeacha pombe, nimeacha na babake Kai—kwa ajili ya picha?" Watu wakacheka hadi mtoto wa mtu akaamka akilia. Mchungaji Tsofa hakucheka. Alisema Jumapili ijayo baada ya ibada tutalizungumza wazi, kila mtu aje na swali lake.

Mimi nilikuwa nakufikiria wewe. Ulifariki Machi, mume wangu, hujaokoka. Wote wanalijua hilo, wanalizunguka tu kwa adabu, kama dimbwi. Na kila Jumapili ni wewe uliyekuwa ukinipigia pasi nguo nyeupe ya kwaya. "Nenda, uniombee na mimi. Ukirudi utakuta mchicha." Na kweli nilikuta mchicha.

Leo sikupika.

Jumanne, 3 Juni

Nimeungua. Nakaanga viazi karai vya kuuza, mafuta yakaruka mkononi. Nikakimbilia ndoo.

Yule tajiri wa kwenye Neno, akiwa motoni, aliomba tone moja tu la maji. Akanyimwa.

Nilikaa na mkono ndoani hadi wateja wakaniita.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekuota! Ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya mlango, magoti umeyakunja, mikono kwapani. Nikasema, Ruwa, ingia. Ukasema, "Nasikia baridi. Nifunike." Basi. Nikaamka.

Nimeimba asubuhi nzima. Baridi! Mtu aliye motoni haombi kufunikwa. Nikawa nakata vitunguu huku nacheka, mpaka jirani yetu Mwanakheri akachungulia dirishani.

"Shoga, leo una nini wewe?"

Nikamweleza. Akasema ni heri, inshallah, na kwamba kwao ndoto njema haambiwi mtu ila anayekupenda. Nikamwambia ndiyo maana nimekuambia wewe. Akanipiga begani.

Jioni nikaliona jaketi lako msumarini. Lile la bluu, la kazini, la chumba cha barafu cha samaki. Moyo ukashuka. Labda sikuota ulipo sasa, nimeota tu ulivyokuwa ukirudi. Mombasa nzima inatoka jasho, wewe unapita Magongo na jaketi la pamba, watoto nyuma yako: "Friji! Friji!" Na wewe unawapungia mkono.

Sijui.

Jumamosi, 7 Juni

Nilikwenda Utange kwa mamako. Alikuwa akimenya mihogo. Shikamoo, marahaba, akanitazama usoni. "Amekujia na wewe?"

Sikuwa nimesema neno!

Kwake ulikuja kabla ya kwangu. Baridi hiyo hiyo. Wala kwake si jambo la kubishaniwa. Koma wetu, waliotutangulia, wakisikia baridi hupewa nguo. Humwagiwa maji na unga kidogo, wakaambiwa maneno mazuri, wakatulia. "Wewe ndiwe mkewe," alisema. "Lete nguo yake mwenyewe. Jumapili ya wiki ijayo, asubuhi."

Nikamwambia Jumapili hiyo ni Meza ya Bwana, na ni mimi ninayeongoza wimbo. Na mtu wa kanisa akienda kwa koma hutengwa. Hashiriki, haimbi, hukaa benchi la nyuma.

Akachukua muhogo mwingine. "Haya. Nendeni mkale. Mwanangu atatetemeka."

Nimerudi nimekuta bakuli la nyama ya Idd mlangoni, kutoka kwa Mwanakheri. Sikuweza kula.

Jumapili, 8 Juni

Mjadala umekuwa leo. Nilikwenda nikiwa na swali langu moja.

Mchungaji alianza. Moto ni moto, alisema. Yesu hakuwa mtu wa kuwatisha watu kwa uongo. Brandon akajibu kwamba Baba hawezi kumchoma mwanawe milele. "Hata wewe, Mzee Kitsao, mtoto wako akikosea utamchoma?"

"Wangu?" Mzee akafikiri. "Yule wa mwisho ningemchoma kidogo."

Vicheko! Mimi nikasimama. Nikauliza: mtu aliyekufa akisikia baridi, huyo yuko wapi?

Brandon akafurahi kweli. "Hapo sasa, mathe! Umeishika poa." Akasema jehanamu yenyewe ndiyo hiyo baridi. Ni kuwa mbali na Mungu. Ni kama mtu aliyefungiwa nje usiku, anaona taa ndani ya nyumba na hawezi kuingia. Si moto. Ni baridi, na upweke.

Nikakaa chini. Alinitakia wema, kijana wa watu. Lakini wewe ulikuwa umekaa mlangoni, Ruwa. Nje. Na nilipokwambia ingia, hukuingia.

Mchungaji alinifuata hadi kwenye mabomba. "Dada Sarah, swali lile hukulitoa kitabuni. Umemwota." Nikakubali. "Na mamake anataka uende kwa koma." Nikakubali. Akasema shetani hujivika sura ya mpendwa wako, na nikienda itambidi anitenge, apende asipende.

Nikamuuliza, na wewe huna wako?

Akatazama viatu vyake. "Mamangu mzazi. Hakuokoka."

"Na unaamini yuko motoni?"

"Naamini."

"Unalala?"

Akafunga bomba lililokuwa likidondoka. "Kidogo."

Jumatano, 11 Juni

Nimefua nguo nyeupe. Nikachukua na jaketi, nikaliingiza majini—mkono mmoja tu—nikalitoa mbio. Kola bado ina harufu yako. Samaki, sabuni ya kipande, na zile sigara ulizosema umeacha.

Vikawa vimeanikwa pamoja, nguo na jaketi, Roseline akapita kuulizia wimbo wa Jumapili. "Shoga, hilo jaketi wenda nalo wapi? Limuru kwenye baridi?" Nikalinyoosha tu kambani. Akaelewa. Akanyamaza. Roseline, kunyamaza!

Alipofika mlangoni akageuka. "Mimi moto nauamini, Sarah. Lakini Ruwa alinipikia mchicha."

Sikujua anamaanisha niende au nisiende. Nadhani na yeye hakujua.

Ijumaa, 13 Juni

Upepo, mvua. Kila nikijifunika shuka naona haya.

Jumapili, 15 Juni

Niko Utange, nimekaa kando ya kaburi lako. Kalamu inagoma kwa unyevu.

Nguo nyeupe iko kwenye mkoba, imepigwa pasi. Nimeipiga mwenyewe, mikunjo imekaa vibaya. Nikiondoka sasa hivi nitawahi wimbo. Nilijiambia nakuja kumsalimia mamako tu, kumweleza kwa upole, kisha nirudi. Lakini jaketi nalo nimelileta. Mtu wa kusalimia tu analeta jaketi?

Mamako ameingia ndani kuchukua maji na unga. Simu imelia, ujumbe wa Roseline: "Mchungaji auliza uko wapi. Nimemwambia wachelewa. Niendelee kusema hivyo?"

Sijamjibu.

Upepo umevuma kutoka minazini, nikalivaa jaketi lako. Mara yangu ya kwanza. Mikono mirefu, imenifunika vidole. Lina joto, Ruwa. Nilikuwa sijui lina joto hivi. Mfukoni nimekuta peremende mbili zimegandamana. Zile ulizokuwa ukiniletea nitafune nikitoka kwaya, koo lilainike. Moja nimeila. Moja nimeirudisha mahali pake.

Brandon anasema mfano, Mchungaji anasema moto, mamako anasema nguo. Mimi nasikia neno lako moja tu, "Nifunike," na silali.

Mamako ametoka. Ameweka bakuli chini, amevua viatu. Amenyoosha mikono yote miwili, analingoja jaketi. Huko kanisani wanaanza kuimba sasa, bila mimi. Nafungua zipu. Inakwama pale pale ilipokuwa ikikukwamia wewe.

Popote ulipo, mume wangu, nikumbuke.