Uso Nilioufuta

Kwa kaka yangu, huko Pemba kwenye karafuu,

Shikamoo, kaka. Sisi hatujambo, ingawa hilo "sisi" ni mimi peke yangu.

Unaikumbuka ile picha ya wanawake wawili wakipiga pasi, mmoja akipiga miayo? Memsabu wetu aliinakili kutoka kitabuni kwa rangi za maji, mwaka ule Malkia alipovikwa taji, akaianika kwenye chumba chetu cha pasi. Nilipoingia nikaona buluu na kijani shavuni mwa yule wa miayo. Wewe dobi ndiye uliyenifundisha kuwa doa halilazwi. Nikachukua ndimu na kitambaa kibichi, nikasugua. Uso wote ukaondoka.

Memsabu alikaribia kulia. Akatueleza kuwa aliyeichora mwanzo alikuwa Mfaransa, na kwamba yeye na wenziwe walichekwa kwao kwa kuchora madobi na wachuuzi badala ya wafalme, tena kwa mabaka, wakiuwahi mwanga kabla haujahama. Akauliza nani kafanya. Mimi nilikuwa nimeachika juzijuzi, sina pengine pa kula. Ukasema, "Ni mimi, Memsabu."

Ukafukuzwa siku ileile. Ukiwa umeshafunga mzigo ulinivuta nyuma hatua tatu, ukanionyesha yule mwanamke aliyesalia. Mabaka yakawa mtu anayeelemea pasi, kachoka kama sisi. Kisha ukaniambia hutarudi Tanga maadamu nipo kwenye nyumba ile, maana watu wangekuuliza kwa nini ulifukuzwa.

"Uongo mmoja nimeuweza, dada. Wa pili utanishinda."

Picha ilitundikwa vivyo hivyo. Misimu miwili ya karafuu nimepiga pasi chini yake peke yangu, nikipuliza makaa, na nikipiga miayo hakuna wa kunitania kwamba nitammeza nzi. Nina upweke, sikufichi. Hata chakula nakila nimesimama, kwa kuwa kukaa kitako mkekani peke yangu kunaniuma.

Ijumaa iliyopita nilimwambia Memsabu ukweli. Akaniuliza nilikuwa nangoja nini siku zote hizo. Kanitoa kazini, na haki anayo.

Nimepata chumba Makorora, hapahapa Tanga, nafua nguo za majirani. Hakuna tena kazi unayonilindia, kaka, wala uongo wa kusema. Rudi nyumbani.

Mimi nduguyo wa ziwa moja.